Miaka Saba ya Utingo

Kijijini Kilema

Mjukuu wangu Aika,

Marahaba, mama. Bibi yako goti linamsumbua, lakini kwenye migomba yake hatoki.

Umeuliza kuhusu ile boti ya injini uliyoinunua ikiwa imechoka, ukaifanya nyumba huko Tanga. Watu wa bima wanataka kujua umeendesha boti miaka mingapi, nawe unafikiria kuandika mitano, ile uliyokuwa mhudumu wa abiria kwenye boti za watu.

Marehemu kaka yangu Aloisi alikuwa utingo, msaidizi wa dereva wa lori la kahawa, miaka saba. Tulipopata lori letu kuukuu, fomu ya bima iliuliza ameendesha miaka mingapi. Tukasema, si alikuwa humohumo? Ikaandikwa saba. Breki zilipokataa kwenye mteremko, hakujua afanye nini. Tulimzika Jumamosi. Bima wakagundua uongo, wakakataa kumlipa mjane wake.

Niliwachukia miaka mingi. Kumbe swali lao ndilo nililopaswa kumuuliza mimi mwenyewe kabla hajashika usukani.

Andika sifuri, mama. Wakikukatalia, tafuta kwanza wa kukufundisha.

Aloisi hakujua kuandika. Ile saba niliiandika mimi.

Babu yako