Plafond yenye sura ya rais

Victorine, usitie saini kwanza kwenye mkataba wa ile nyumba! Mama ametoka kunielezea ya babu Kalume, mpaka sasa siamini.

Wakati wa Zaire, babu alitaka nyumba hapa Kindu. Mabati yalikuwa ya zamani, akaomba kuyaangalia kwa ndani kama yana matundu. Lakini mwenye nyumba alikuwa ametandaza kitambaa cha chama kwenye plafond yote, ile dari chini ya mabati, kimejaa sura ya rais.

"Funua basi, citoyen," mwenye nyumba akamwambia, kama watu wote walivyoitana wakati ule.

Funua! Muntu gani angethubutu kushusha sura ya rais? Babu akatia saini.

Mvua ya kwanza, Victorine! Sura ikavimba maji, matone yakatoka machoni. Hapo hapo, hodi! Mukubwa wa chama wa mutaa anaomba kujikinga mvua.

Babu, beseni mikononi, akawahi kusema: "Citoyen, haki ya Mungu, haiko mimi njo nilimufanya alie!"