Mbabula Mbili Katika Kiwanja Kimoja

Lubumbashi, Annexe
Tarehe 15 Machi 1993

Mpendwa mdogo wangu Liévin,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Geneviève na watoto wote. Je, hamjambo huko Kalemie? Mguu wako uliovimba umepona, au bado unakanyaga kama kuku aliyefungwa kamba? Sisi tunapumua, tumshukuru Mungu, ingawa kupumua kwenyewe siku hizi ni kazi.

Posta imekufa, ndiyo sababu ya ukimya wangu. Barua hii anaichukua jirani yetu Jeannot wa reli, naye anasema treni ikitoka ni leo mchana. Basi naandika mbiombio, na kila mara nainuka kumgusa mtoto paji la uso. Ukiona mistari inapanda na kushuka, usinicheke.

Mji wetu huutambui tena. Tangu ule uporaji wa askari, maduka mengi hayakufunguliwa, na mume wangu Donat hajui mshahara wa reli unafanana na nini. Majirani zetu Wakasai walifukuzwa, wakapanda treni na magodoro yao, watu tuliobatiziana watoto. Mlango wao unagonga upepo ukivuma, nami kila ukigonga nashtuka. Katika shirika letu, majirani tunaosali pamoja kila Alhamisi, tumebaki wachache.

Sasa nikuambie habari ya binti yangu Syntiche. Mumewe Gauthier tulimzika kabla ya Noeli, hilo ulilisikia. Yaliyofuata hukuyasikia. Kwa dada kumwandikia kaka ni aibu, lakini mficha uchi hazai. Kwa desturi ya ukoo wa Gauthier huko Kasenga, mjane hana budi kulala na ndugu wa marehemu ili kivuli cha mumewe kimtoke mwilini. Asiposafishwa hivyo, moto anaouwasha una kifo ndani yake. Anayekula chakula chake atavimba, atakohoa, atamfuata marehemu.

Syntiche alikataa. Aliwaambia mbele ya kilio kizima: “Bwana yangu tulimuzika na misa. Haiko mu mwili yangu, iko kwa Mungu.” Lo, kelele zilizotokea! Walichukua cherehani yake, walichukua nyumba, na mwisho wakamchukua Nkandu, mtoto wake wa pekee, wakaenda naye Kasenga. Siku atakayokubali kusafishwa, wakasema, ndiyo siku atakayomwona.

Ungedhani angepata pumziko kwa wazazi wake. Wapi! Donat aliwaunga mkono wakwe. Usimwone mbaya. Alipokuwa kijana alimwona shangazi yake, mjane asiyesafishwa, akirukwa na akili, na tangu hapo hofu hiyo haijamtoka. Anampenda mwanawe, ndiyo maana anamsukuma. Alimpa chumba cha nyuma, lakini akamnunulia mbabula yake, jiko lake peke yake la makala, apikie karibu na ua. Basi kiwanja kimoja kikawa na mbabula mbili, katika mwaka ambao watu wengine hawana makala ya kuwashia hata moja.

Na mimi? Mimi niliyebatizwa mchanga, ninayeongoza rozari, kila Syntiche akinikaribisha nilikuwa naumwa jino. Wanawake wa shirika walikuja kula naye Alhamisi baada ya sala, kila mmoja na kipande chake cha samaki au kikombe cha unga, wakacheka naye, wakalia naye. Hao ndio waliomshika mkono asianguke. Jino langu likaendelea kuuma.

Jumamosi wakwe walikuja. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa walikuja tukaugua. Kalaba, kaka mkubwa wa marehemu, anaendesha lori la samaki kutoka Kasenga, na ndiye aliyepangiwa kumsafisha. Alimleta Nkandu, akamketisha kati ya wazee wawili. Maneno yalikuwa mafupi: Syntiche akikubali, mtoto anabaki, akikataa, lori linaondoka naye, na hatarudi.

Syntiche alipiga magoti akawasalimu mmoja mmoja, Kalaba pia. Unga wake wa mwisho aliusonga bukari, akapika sombe ya majani ya muhogo, akawawekea na maji ya kunawa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi niliwapikia kwenye mbabula yetu, kidogo tu kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo, nao wakakigombania hicho huku sahani kubwa ya mwanangu inapoa mbele ya macho yao. Njaa ilikuwa usoni mwa kila mtu, Liévin.

Syntiche akajibu akiwa amepiga magoti: “Nkandu ni mutoto yangu. Lakini siwezi kumununua na mwili yangu.”

Kalaba akasimama, akasema twendeni. Ndipo mtoto akateleza kati ya wazee, akaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mama yake, akala kwa mikono miwili. Mwenye njaa hana miiko! Walipomfikia alikuwa amekwisha kumeza, na sombe imempaka hadi masikioni.

Kelele, ndugu yangu. Nilidhani watamrarua. Lakini hakuna aliyemgusa. Walirudi nyuma, wote, na Kalaba machozi yanamtoka. Yule naye alimpenda ndugu yake, na anaamini anachokiamini. Akasema: “Uyu mutoto amekula moto ya mufu. Mu camion yangu hapandi.” Hofu ileile iliyomchukua Nkandu ndiyo iliyotuachia Nkandu. Akaongeza kwamba mtoto akifa, damu ni yetu, na kwamba mvua ikiisha watarudi.

Lori lilipowaka, Syntiche alilikimbilia na kipande cha sabuni alichomwekea mama mkwe wake. Niliona ni wazimu. Kalaba alikiangalia kwa muda, kisha akakipokea. Jioni hiyo nilikwenda kwenye mbabula ya ua nikala mabaki. Niliogopa, lakini nilikula.

Kesho yake Nkandu alishikwa na homa. Unaelewa sasa kwa nini nainuka. Dispensari wanasema ni malaria kama watoto wote wa Annexe, na wanawake wa shirika wametafuta vidonge. Lakini Donat ameketi karibu na mbabula yetu tangu asubuhi hiyo, anamtazama mtoto kwa mbali. Syntiche anamkanda mtoto kwa maji, anasali, anakanda tena. Nilimwuliza kama haogopi. Akaniambia anaogopa sana, ila hajuti. Mimi naogopa na sijui nifanye nini na mikono yangu, ndiyo maana inaandika.

Jeannot ameshapita mara moja kuuliza barua. Msalimie sana Geneviève, umsalimie na kijana wenu Aristote, mwambie ajifunze. Wasalimie Wakristo wa hapo, waombeeni hawa wawili kwa majina, Syntiche na Nkandu, na Kalaba pia, Syntiche ananisukuma niandike hivyo.

Ngoja kidogo, naitwa.

Nimerudi. Homa bado iko, mtoto ana joto kama mkate. Syntiche alikuwa anambembeleza ale bukari, naye anageuza kichwa. Kisha akamwona babu yake kupitia mlangoni, akamwita: “Nkambo, kuya tukule.” Zamani walikuwa wanakula sahani moja hao wawili.

Donat alisimama. Nilidhani anatoka kwenda barabarani. Akainua mbabula yetu kwa masikio yake ya chuma, akaivukisha kiwanja, akamwaga makaa yetu yote katika mbabula ya Syntiche. Hakututazama. Akasema: “Makala inapanda bei. Moto moya inatosha.” Akanawa mikono, akaketi chini, akala, na mtoto akala naye.

Jeannot yuko mlangoni. Mungu awafunike ninyi nyote, na reli yenu, na ziwa lenu.

Ni mimi dada yako nisiyeacha kukupenda,

Victorine