Tindo ya Pili

Naila, nusura nife! Tindo ya kukatia chuma imevunjika hapa karakana, kipande kimenipita sikioni!

Wala sikupiga kwa nguvu. Imekatika tu kama muhogo mkavu.

Nimeangalia palipokatika: ufa ni wa zamani, una kutu ndani. Imechoka kwa kugongwa msimu mzima.

Nikamwambia baba mkwe tuitupe na ile tindo ya pili, maana zilichomwa na kuzamishwa kwenye oili ili ziwe ngumu siku moja, na zimegongwa sawasawa. Akasema, "Hii haijawahi kuvunjika, mkamwana. Ndiyo nzima."

Haijawahi kuvunjika! Eti ndiyo nzima!

Nitabishanaje na mkwe mbele ya wateja?

Ananisubiri. Ameinama, ameishika tindo hiyo karibu kabisa na uso wake. Na nyundo amenikabidhi mimi.