Bakuli la Mama wa Marehemu Mlangoni Pangu

Mpendwa Bi. Hazel, nisaidie kabla ya Jumanne ijayo, maana usingizi umenikimbia na dada yangu Nadine anasema nikiandika gazetini nitakuwa nimejianika, lakini nilishaanikwa mahakamani, kimebaki nini cha kuficha. Mimi ndiye niliyempiga risasi Dewitt Teague, mtalaka wa Nadine, alipovunja mlango wa jikoni kwangu akimtafuta, mpini wa shoka mkononi, nikashtakiwa kwa mauaji, nikakaa rumande miezi kumi na mmoja, shamba la baba likauzwa kumlipa wakili, halafu baraza la mahakama likaniachia kwa saa moja tu, nenda nyumbani, huna hatia, kama mtu aliyekuja kununua chumvi. Sasa bunge la jimbo linajadili sheria ya kutufidia watu kama mimi, na mbunge wetu kanipigia, "Dada Verlene, njoo Jumanne uwasimulie wanakamati," nami nalitaka shamba letu.

Shida ni Alhamisi. Tangu niachiliwe, kila Alhamisi asubuhi nakuta kwenye ngazi ya jikoni bakuli la kuku na madonge ya unga, lingali moto, na chini yake utepe wenye jina la Oneida Teague, mama yake Dewitt. Alama za gari kwenye changarawe hakuna, na mbwa wangu habweki. Chakula hicho kwetu hupelekwa kwenye msiba, na bakuli la mtu halirudishwi tupu, sasa nimtilie nini mama wa mtu niliyemuua? Ninayo saba, nimeyaosha, yamekaa mezani. Na kando ya bakuli huwapo glasi ya maji, imejaa hadi ukingoni. Bi. Hazel, Dewitt alipoanguka alisema, "Verlene, nipe maji," nami nikasimama tu, sikumpa, na jikoni tulikuwa wawili, sijamwambia yeyote, hata Nadine aliyekuwa amejificha ghalani. Nani kamwambia yule mama? Niende bungeni, au fidia ni ya wenye mikono misafi?

Verlene, Laurel Creek

Verlene, pole mwanangu, na sasa nisikilize. Mbwa wako habweki kwa sababu Oneida alimlisha mabaki kila Jumapili kwa miaka tisa ya ndoa ya Nadine, mlipokuwa mkila meza moja. Alama za gari huzioni kwa sababu anakuja kwa miguu, anakatiza malishoni. Nimemwona mara mbili, bibi wa miaka sabini na sita, bakuli kwapani, macho kwenye glasi asimwage. Nilimsalimu, akapita.

Na maji? Uliwapigia polisi kwanza, ukaiweka simu mezani bila kuikata. Polisi waliirekodi, na sauti ile ilichezwa mahakamani, nami nilikuwa benchi la nyuma. Wewe pale kizimbani ulikuwa umeziba masikio. Sote tulimsikia akiomba, kisha tukasikia kimya chako, kirefu. Oneida akainuka akatoka. Baraza nalo lilisikia, na bado likasema huna hatia. Basi acha kujihukumu upya jikoni kwako.

Chakula kile huletewi wewe. Anampelekea mwanawe pale alipofia, na wewe unajifungia ndani kama mwizi huku mabakuli yakirundikana. Aibu hiyo ni yako.

Alhamisi hii oka mkate wa mahindi, utie kwenye mabakuli yote saba, ukae kwenye ngazi umngoje. Habari za mpini wa shoka usimpe. Nadine alikimbilia kwake na jicho limevimba, si mara moja, kwa hiyo tabia za mwanawe anazijua. Mwambie ulimsikia akiomba na miguu ikagoma. Akikuzaba kofi, pokea.

Jumanne nenda ukadai shamba la baba yako, ni haki yako, wala usilie mbele ya wale wanasiasa. Lakini habari ya kwenda bungeni Oneida aambiwe na wewe mwenyewe, hapo ngazini, kwa mdomo wako. Kifo cha mwanawe alikisikia kwenye kinasa sauti.