Kona Isiyo na Mstari Mwekundu

Jumanne, 10 Juni 2025

Kaka yangu Manase hana haya. Lori la baba aliliangusha mwaka jana Mlima Sekenke, likauzwa chuma chakavu. Sasa kalitengeneza upya ndani ya gemu la malori — bluu ileile, hata maandishi ya nyuma, MUNGU YUPO. Analiendesha sebuleni huku anapiga mluzi. Mluzi!

Na mimi mjinga ndiye mpiga picha wake. Naingia gemu hilohilo kwa laptop yangu, naegesha kando ya kona, yeye anateremka mlima, napiga. Kundi letu la mtandaoni linazipenda. Simpendi yeye. Nahitaji dereva tu.

Jumatano, 11 Juni

Picha za leo takataka. Nataka usiku, shata ya kamera ifunge polepole, taa za breki ziache mstari mwekundu kwenye kona. Mstari hautoki! Manase ananikejeli, eti kipaji hakinunuliwi. Nyoo!

Baba kapita, hakututazama. Katoka kwa jirani, Mama Yustina, kumjulia hali mwanawe Shukuru. Shukuru alikuwa utingo siku ile, kalala juu ya mzigo. Mguu ulikatwa. Mama Yustina hakuitikia salamu ya baba. Tangu Manase aseme breki zilikataa, mji mzima wa Shelui unamwita baba bahili aliyewapa vijana gari bovu. Baba hajibu. Kimya chake nacho kinanichosha.

Ijumaa, 13 Juni

Nilimwomba Jenifa wa Itigi, wa kundi letu, apite kona ileile. Mstari mwekundu huo! Mrefu, safi. Laptop nzima, shata nzima.

Nikarudia na Manase. Giza. Tena. Giza. Hagusi breki! Nikaenda kuchungulia skrini yake: gia iko N, huru. Mlima mzima anateremka ametoa gia, lori linaserereka lenyewe. Nikamuuliza, hivi ndivyo ulivyoteremka Sekenke? Akasema unaokoa mafuta, madereva wote wanafanya. Kisha akashtuka. Akasema hili ni gemu, Damari, usiniletee uchizi.

Kumbe breki hazikukataa, na mwaka mzima baba kabeba lawama! Namchukia Manase. Naandika kabisa: namchukia.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nimemwekea baba simu mezani. Picha mbili, kona moja, malori mawili. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Baba akavaa miwani, akauliza tu, huyu asiyeshika breki ni nani? Nikamwambia. Akauliza gia. Nikamwambia.

Manase alikuwa mlangoni, ufunguo wa pikipiki mkononi. Akasema shikamoo baba — salamu ya pili leo! Baba hakusema marahaba. Sijawahi kumwona akimnyima mtu.

Kisha akanituma nikamwite Mama Yustina, aje na Shukuru. Akasema, mwambie naomba, simlazimishi. Manase akaanza kulia, eti tuongee kwanza sisi wenyewe. Baba akasema, wewe ulishaongea.

Nimewaita. Nimejifungia chumbani, lakini dirisha liko wazi. Pikipiki imewaka. Haiondoki — Mama Yustina na Shukuru wameshafika, wako njiani mbele yake, Shukuru na magongo yake. Anacheka! Hajui kitu, bado ni rafiki wa Manase. Anasema, Manase, unakwenda wapi tena, si tumeitwa wote?

Manase kazima pikipiki, kashuka.