Kabla ya Kuiweka Nyumba Dhamana

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Soko la Nguo.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, Fundi Baridi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, zikukute mzima na umeshiba. Kifua kinaendeleaje? Kutwa umeingiza kichwa kwenye majokofu ya watu, halafu unashangaa kikohozi kimetoka wapi. Vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama rangi yake huipendi.

Sisi hatujambo. Shangazi mguu umepungua uvimbe, ulimi haujapungua kitu. Baba naye mzima, ila macho sasa hayaoni hata mwanga wa dirishani. Lakini ndani ya nyumba yake huwezi kujua. Anatoka kitandani, anapita kando ya kabati, anafika jikoni na kujimiminia chai bila kumwaga tone. Shangazi amepigwa marufuku kulisogeza kabati hilo, hata kwa kufagia.

Fomu za benki nimezipata. Usidhani nimenuna. Tangu ulipokuwa mdogo ukifungua redio za watu bila kuombwa, nilijua utakuja kuwa na kazi yako mwenyewe, na gari lenye jokofu la kubebea nyama na samaki ni wazo zuri. Ila kuna maneno umeyameza bila kuyatafuna. Mimi nimo kwenye kamati ya mikopo ya ushirika wetu wa washonaji, kwa hiyo mvumilie dada yako kidogo.

Riba ni kodi ya pesa. Umepanga pesa ya mtu kama unavyopanga chumba, na unalipia kukaa nayo. Umeniambia ni asilimia mbili tu. Fomu inasema ni mbili kwa mwezi, yaani ishirini na nne kwa mwaka. Tena inapigwa juu ya mkopo wote ulioanza nao, hata ukiwa umesharudisha nusu. Sisi kwenye ushirika tunaipiga juu ya salio, deni lililobaki; bandu bandu huisha gogo, na riba nayo inapungua pamoja na gogo. Siku nyingine mtu akikwambia "tu", muulize ni tu ya mwezi au tu ya mwaka.

Huyo rafiki yako unayetaka kuingia naye biashara anasema gari litajilipa lenyewe. Ndugu yangu, utalilipa wewe. Pesa zinazoingia mfukoni jioni ni mapato, bado si faida. Toa mafuta, toa matairi, toa mshahara wa dereva, toa wiki ambayo gari limelala gereji, kisha toa rejesho la benki. Kinachobaki ndiyo faida, na kisipobaki kitu, benki inadai vilevile. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Na huyo rafiki ameweka nini? Nimetafuta kwenye karatasi zote sijaona. Mtaji, pesa ya kuanzia, unatoka kwenye mkopo wako. Yeye ameandikiwa nusu ya hisa, maana yake nusu ya biashara ni yake na nusu ya faida ni yake. Gari likianguka, yeye amepoteza kiti cha mbele. Simsemi vibaya, sijamwona. Lakini hata mbuzi wa kwenye gunia angalau hulia.

Sasa dhamana. Ni mali unayomwandikia mkopeshaji, kwamba ukishindwa kulipa, aiuze ajilipe. Leo haondoki nayo, ndiyo maana inaonekana jambo jepesi. Baba aliiandikisha nyumba kwa majina yetu sisi wawili ili tusije tukagombana, kwa hiyo saini yako peke yake haitoshi. Benki inaitaka na yangu.

Mthamini wao alikuja Jumanne kukadiria bei ya nyumba. Baba alimzungusha mwenyewe chumba kwa chumba, akimwonyesha mbao za dari alizozipigilia kwa mkono wake. Kijana wa watu hakugundua kitu mpaka alipotoa mkono wa kuaga, ukabaki hewani. Shangazi alicheka. Mimi nilishindwa.

Jioni ile nilimweleza Baba kila neno kama ninavyokueleza wewe. Akasema, "Mtoto akitaka kusimama, mpe bega. Mwandikie nimekubali." Basi nakuandikia: Baba amekubali.

Mimi naomba tupite njia nyingine. Nina akiba na hisa kwenye ushirika. Naweza kuwa mdhamini wako, yaani usipolipa, wanikate mimi. Hazitoshi gari. Zinatosha jokofu moja kubwa, uwakodishie wachuuzi nafasi ya kuhifadhi bidhaa zao, uione faida kwa macho yako, gari lije baadaye. Nikipoteza, nitakuwa nimepoteza pesa. Nitakununia mwaka mzima, kisha yataisha.

Fomu sijazitia saini. Ukisoma barua hii yote na bado ukasema nitie, nitatia, kwa sababu Baba ameshasema.

Msalimie wifi yangu, na umbusu mtoto mashavu yote mawili. Shangazi anakusalimu na anauliza kwa nini hupigi simu. Baba anakusalimu sana. Kuna jambo amenikataza nisikuandikie, ila nimeshindwa kulibeba peke yangu. Tangu jioni ile aliyokubali, akija hapa chumbani kwangu hataki kushikwa mkono. Anapapasa ukuta, anagusa cherehani, kitanda, mlango, kisha anarudi kuanza upya. Jana alijigonga goti. Nikamuuliza, "Baba, unatafuta nini?" Akasema, "Sitafuti kitu, mwanangu. Nakizoea chumba chako mapema, nisije nikahamia hapa nikawa mzigo kwako."

Mungu akupe riziki isiyomliza mtu.

Mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Mshonaji