Darubini Aliyoiomba Mama

Jumanne, Agosti 2021

Na Mama bado hajui kuwa duka ninalofanyia kazi ni la bunduki. Tangu tukimbie vita Burundi, hata fataki humtoa jasho.

Leo mwindaji wa nguruwe mwitu, mwenye kibali, alitaka darubini, na kibano cha kuishikilia, vya bunduki yake ya masafa marefu, ile inayojipakia risasi yenyewe. Nilimshauri achukue kibano cha kipande kimoja, kisilegee bunduki ikifyatuka.

"Wewe huwa unapiga wapi?" akauliza nyuma ya barakoa.

Nikasema sipigi. Bunduki nazijua kwa upande wa wanaozikimbia; nikamfungia kibano chake.

Mama amewaambia watu wa kanisa, kwenye Zoom, kwamba nauza darubini za kutazama nyota. Jioni akasema, "Niletee moja, baba, nitazame mwezi."

Nikamwambia zimeisha, korona imezuia mizigo.

Sasa anamwomba Mungu mzigo ufike.